Upepo ukiezua nyumba, nani atashika ngazi?

Ziko Sigor mbili hapa Kenya, na ni vyema tuzitenganishe kabla hatujaenda mbali. Moja iko Pokot Magharibi, karibu na Marich Pass. Ya pili, ambayo ndiyo tunayoizungumzia leo, iko Chepalungu katika Kaunti ya Bomet. Ukitoka mjini Bomet na kuteremka kuelekea huko, mashamba ya chai huanza kukuaga polepole, na nafasi yake ikachukuliwa na mahindi na ng'ombe wa maziwa.

Naanza na majina kwa sababu ile Sigor ya Pokot ilitupa somo chungu. Usiku wa kuamkia Novemba 23, 2019, mvua kubwa ilisababisha maporomoko ya ardhi yaliyozika watu wakiwa usingizini katika vijiji vya Nyarkulian, Parua, Tapach na Muino. Zaidi ya watu 50 walipoteza maisha. Madaraja yalisombwa, barabara ya Kapenguria kwenda Lodwar ikakatika, na hali mbaya ya hewa ikazichelewesha hata helikopta. Basi jiulize: katika saa zile za mwanzo, kabla ya wanajeshi na Msalaba Mwekundu kupata njia, ni nani aliyekuwa na jembe mkononi? Ni jirani, hakuna mwingine.

Huenda ukasema kwamba Sigor ya Bomet haina milima ya kuporomoka namna ile, na wala kimbunga cha baharini hakiwezi kufika huku. Ni kweli. Vimbunga vya aina hiyo haviumbiki karibu na mstari wa Ikweta, na Sigor yetu iko takriban digrii moja tu kusini mwake. Pwani ndiyo inayovifahamu. Aprili 15, 1872, kimbunga kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na upande wa bara kikaharibu vibaya misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu pale Bagamoyo, iliyokuwa na umri wa miaka minne tu, ikabidi kujenga upya. Lindi ilipigwa mwaka 1952. Na Mei 2024, wakati Kenya ilikuwa bado inazika waliouawa na mafuriko, kimbunga Hidaya kilitua kisiwani Mafia.

Lakini sisi tuna wetu. Upepo wa unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda nyanda hizi wakati wa mchana, ukakutana na ule wa mashariki, na kufikia saa tisa au saa kumi wingu limesimama kama mnara. Mji wa Kericho, ulio karibu mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hutajwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi ulimwenguni. Miaka ya 1960 palifanywa hata majaribio ya kurusha roketi mawinguni ili kuipunguza. Wako pia wanasayansi walioshuku kwamba vumbi la majani ya chai yaliyooza, linalotimuliwa na miguu ya wachumaji, ndilo linalopanda juu na kuwa mbegu ya barafu. Kwamba mchumaji mwenyewe anaweza kuwa ndiye anayeipikia mvua inayomharibia kazi ni jambo la kuchekesha, ila si kwa mwenye shamba.

Upepo unaotangulia mvua hiyo ndio unaoezua mabati ya shule, zahanati na nyumba za watu. Kila mwaka tunayasikia hayo, leo kijiji hiki, kesho kile. Na kila mara kinachofuata ni kile kile: kanisa linatangaza mchango.

SIKU TATU ZA HURUMA

Tuseme, msomaji wangu, kwamba upepo umepita Alhamisi jioni na nyumba ishirini zimebaki kuta. Wewe ni mzee wa kanisa, au katibu wa akina mama, au kijana wa kwaya. Ijumaa utaona watu wengi hata ukashangaa. Huyu ameleta debe la mahindi, yule mtungi wa maziwa, mwingine blanketi. Jumamosi vijana wanaokota mabati yaliyotawanyika. Jumapili pasta anahubiri juu ya Msamaria Mwema na sahani inajaa. Jumatatu kila mtu anarudi kwa ng'ombe wake.

Hapo ndipo shida inapoanza, kwa maana nyumba zilizopigiliwa misumari ni tisa, na zile kumi na moja zilizobaki zina turubai. Ukichunguza hizo tisa utakuta jambo la aibu. Nyingi ni za watu walio karibu na barabara, au wenye jamaa katika kamati, au wanaokaa viti vya mbele kanisani. Ajuza anayeishi bondeni na asiyehudhuria kanisa lolote hayumo. Hakuna aliyemnyima kwa makusudi. Hakuna aliyemkumbuka tu. Akilala siku kumi chini ya turubai linalovuja, kifua chake hakitauliza alikosewa na nani.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ya kanisa ni daftari. Nunua daftari la kurasa 96, kabla hujanunua hata msumari mmoja. Mkipita nyumba kwa nyumba, andikeni jina la mwenye mji, idadi ya watoto, walio wagonjwa, kilichoharibika, na kama katika nyumba hiyo yuko mtu mwenye nguvu za kupanda juu ya paa. Swali hilo la mwisho ndilo linalopanga foleni. Mwenye wavulana watatu wakubwa anahitaji mabati tu, lakini mjane mwenye watoto wadogo anahitaji mabati, fundi na mtu wa kushika ngazi.

Daftari hilo lisiandikwe na kanisa moja. Katika eneo kama Sigor utapata Africa Gospel, Wakatoliki, Full Gospel na Wasabato wakiishi ua kwa ua. Kila kanisa likihesabu watu wake, mwenye ndugu katika makanisa mawili atasaidiwa mara mbili na asiye na kanisa atakosa kabisa. Wakipsigis walikuwa na kokwet, yaani baraza la majirani, kabla misheni yoyote haijafika. Mzee wa kokwet anajua kila mji ulipo na nani ana kisima. Aketi na wawakilishi wa makanisa yote chini ya mti, pamoja na naibu wa chifu, na daftari lisomwe kwa sauti mbele ya watu. Jina linalosomwa hadharani ni vigumu kuliruka.

Jambo hili si geni Bomet. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishenari mwaka 1937, ilipoanza mpango wake wa afya ya jamii miaka ya 1980, iliwategemea watu wa kujitolea kutoka vijijini humo humo. Mtu wa karibu ndiye anayepitia kwako mara ya pili na ya tatu. Mgeni mwenye gari zuri huja mara moja.

NGUO ZILIZOFUNGA UWANJA WA NDEGE

Naomba niseme machache kuhusu nguo. Kanisa likitangaza msaada, kitu cha kwanza kuletwa ni nguo kuukuu, nami nakiri kwamba hata mimi nimewahi kutoa koti ambalo nilikuwa nalitafutia pa kulitupa. Baada ya kimbunga Mitch kuipiga Honduras mwaka 1998, nguo za msaada, makoti ya baridi yakiwemo, zililundikana kwenye uwanja wa ndege hata ndege iliyobeba mahitaji ya maana ikashindwa kutua. Hao walitoa kwa moyo mweupe! Mwambie mshiriki wako kwamba kilo mbili za misumari ya mabati ni sadaka bora kuliko gunia la sweta.

Na kwa kuwa tumetaja misumari, hebu tuingie kazini kidogo, maana nyumba nyingi zilizoezekwa kwa huruma huezuliwa tena mwaka unaofuata. Katika mabati, namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 32 ni jepesi kuliko geji 28, na upepo haulihurumii. Msumari hupigiliwa kwenye mgongo wa bati, si bondeni ambako maji yanapita. Upepo huanza kuinua paa pembeni, kwa hivyo pale kwenye ukingo misumari iwe karibu karibu. Na boriti zifungwe kwenye ukuta kwa waya mzito au vipande vya chuma bapa. Mabati yaliyopindika yasitupwe. Yakinyooshwa na matundu kuzibwa kwa lami, yanafaa kwa jiko au boma la ndama.

Fundi mmoja anayejua kazi anaweza kuongoza vijana wanane wasioijua. Vijana wanane bila fundi watakuachia paa linaloimba usiku kucha. Kanisa likilipe chakula kile kikosi, na fundi alipwe walau nusu ya ujira wake, kwani naye ana karo ya kulipa. Kujitolea kwa siku mbili kunawezekana, lakini kwa wiki tatu, mwenye kuishi kwa nyundo atatoroka na hutamlaumu.

Waangalieni pia hao wanaojitolea. Waya wa umeme ulioanguka usiguswe na yeyote, hata kama unaonekana umekufa, mpaka watu wa umeme waukate. Mabati na misumari yenye kutu huleta majeraha, na majeraha huleta pepopunda, kwa hivyo aliyekatwa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, si baada ya kazi kuisha. Watoto wa Shule ya Jumapili wasiokote misumari, hata wakiomba.

Liko jambo moja ambalo kamati nyingi hulisahau. Hasara ya mvua ya mawe haionekani siku ya kwanza. Mkulima wa chai hulipwa kila mwezi kwa kilo alizopeleka, halafu bonasi baadaye. Majani yakichanwa leo, mti utakaa majuma kadhaa kabla ya kutoa machipukizi ya kuchumwa, na kilio chenyewe kitasikika mwisho wa mwezi ujao, wakati sahani ya kanisa imekwisha rudi kabatini. Kibarua anayetoka Sigor kupanda juu kuchuma chai ya watu hana hata bonasi ya kungojea. Na mahindi yaliyolazwa yakiwa yamefika kifuani hayarudishwi na maombi ya Jumapili moja. Kwa hiyo gawanyeni mchango sehemu mbili tangu mwanzo: sehemu moja ya mabati sasa, na nyingine ya unga na karo katika juma la sita, mtunza hazina akiwa ameiandika ukurasa wake.

Kila Jumapili, kabla ya matangazo ya harusi, daftari lisomwe: nyumba zilizokwisha, zilizobaki, pesa zilizoingia, zilizotoka. Dakika tano zinatosha. Katika juma la nane mpite tena nyumba zote ishirini, mkianzia kule bondeni kwa yule ajuza, na mwenye ngazi arudishiwe ngazi yake.