Mutoh, mkongwe wa magoti ya bandia aliyemvua bingwa mkanda

Kwenye soka kila shabiki anamjua mchezaji wa aina hii. Umri umekwenda, mbio hana tena, mazoezini vijana wanamwacha, lakini akiingia dakika 20 za mwisho timu inatulia. Hakimbizani na mtu kwa sababu mpira unakokwenda ameshakuona mapema.

Mieleka ya kulipwa ya Japan nayo ina watu wa namna hiyo. Keiji Mutoh alilithibitisha hilo Februari 12, 2021, ndani ya ukumbi wa Nippon Budokan, Tokyo. Akiwa na miaka 58 na magoti mawili ya bandia, alimvua Go Shiozaki mkanda wa GHC, ule mkubwa kuliko yote katika kampuni ya NOAH. Shiozaki alikuwa na miaka 39.

Wapo watakaosema mieleka hiyo matokeo yake hupangwa. Ni kweli, hupangwa. Lakini magoti hayapangwi. Mtu wa miaka 58 anayesimama ulingoni karibu nusu saa na bingwa mwenye nguvu zake, yale mapigo anayapokea kwelikweli na sakafu anaiangukia kwelikweli. Na pambano likikosa ladha, mashabiki hawadanganyiki.

BINGWA WA KIPINDI KIGUMU

Shiozaki hakuwa bingwa wa kubahatisha. Mkanda aliuchukua Januari 4, 2020 kwa kumchapa kijana Kaito Kiyomiya, na wiki chache baadaye korona ikafunga milango ya kumbi.

Jamaa akaubeba ubingwa katika mazingira hayo. Machi 29, 2020 alimkabili Kazuyuki Fujita ndani ya Korakuen Hall bila shabiki hata mmoja. Wawili hao walisimama wakitazamana kwa takriban nusu saa kabla ya kushikana! Agosti mwaka huohuo akatoka sare na Kenoh baada ya dakika 60 kamili.

Silaha yake kubwa ni pigo la kiganja kifuani, urithi kutoka kwa mwalimu wake, Kenta Kobashi. Likitua, mlio wake unasikika hadi viti vya nyuma na kifua cha mpinzani kinageuka chekundu. Wapinzani walikuja kwa zamu na mkanda ukabaki palepale. Januari 4, 2021, mwaka mmoja kamili tangu auchukue, Kiyomiya alirudi kuudai, akachapwa tena.

Hapo ndipo Mutoh akajitokeza kuomba zamu yake.

MAGOTI YALIYOLIPA DENI

Mutoh alianza kazi Oktoba 5, 1984, wakati Shiozaki akiwa mtoto wa miaka miwili. Alipata jina Marekani mwaka 1989 akiwa amepaka rangi usoni kwa jina la Great Muta. Kwao Japan alibeba mikanda mikubwa ya New Japan na All Japan. Uliokuwa umebaki ni wa NOAH tu.

Kilichompa umaarufu zaidi ni mruko unaoitwa moonsault. Anapanda juu ya kamba kwenye kona, anaupa ulingo mgongo, kisha anajirusha kinyumenyume na kumwangukia mpinzani aliyelala. Ni mruko mtamu kuutazama, ila anayeulipia ni anayeruka, kwa sababu magoti yake yanagonga sakafu kila mara. Mutoh aliuruka kwa zaidi ya miaka 30. Machi 2018 akalazwa, magoti yote mawili yakatolewa na kuwekwa ya bandia, na madaktari wakampiga marufuku kuuruka tena.

Kwa hiyo alikwenda Budokan bila silaha yake kuu. Ni kama mpiga mashuti aliyeambiwa acheze fainali bila mguu wa kulia.

UTU UZIMA DAWA

Mpango wake haukuwa mgeni kwa wanaomfahamu. Oktoba 9, 1995, mbele ya watu 67,000 Tokyo Dome, Mutoh alimshinda Nobuhiko Takada, mtu aliyeogopwa kwa mateke. Siku hiyo hakushindana naye kwa mateke. Aliyadaka, akaipindua miguu, kisha akaifunga kwa mkao unaofanana na namba nne hadi Takada akasalimu amri.

Miaka 25 baadaye dawa ilikuwa ileile. Shiozaki alitaka ngoma ya vifua, Mutoh akaipeleka vita chini. Anaudaka mguu mmoja, anajizungusha nao hadi goti linapinda na bingwa anakwenda sakafuni. Akiinuka, anaurudia uleule. Mpigaji wa aina ya Shiozaki nguvu yake inaanzia miguuni. Ukimharibia miguu, hata mkono unapungua uzito.

Si kwamba mzee hakuchapwa. Alichapwa sana! Kifua kiliiva, pumzi zikakata, na kuna nyakati alionekana kusimama kwa sababu kamba zilikuwa karibu. Mashabiki hawakuruhusiwa kushangilia kwa sauti kutokana na korona. Walipiga makofi tu, na makofi hayo yalizidi kila mzee alipoinuka.

Kisha ukaja wakati uliosimamisha roho za watu. Shiozaki amelala chini, Mutoh anapanda kwenye kona, ameupa ulingo mgongo. Kila mtu alijua kinachofuata, na kila mtu alijua madaktari walisema nini. Mzee akasita pale juu. Akatafakari. Akashuka taratibu.

Pambano lilibebwa na uamuzi huo. Kijana angeruka ili apigiwe makofi. Mkongwe alichagua kubaki na miguu ya kumalizia kazi. Na aliimalizia kwa kitu ambacho hakuna aliyekitarajia kutoka kwa mtu wa umri wake: Frankensteiner. Alidandia mabega ya bingwa, akamkaba kichwa kwa mapaja, akampindua na kumbana mabega chini. Mwamuzi akahesabu moja, mbili, tatu. Ng'ombe hazeeki maini!

Ushindi huo ulimfanya Mutoh mtu wa tatu kuwahi kubeba mikanda mikuu ya New Japan, All Japan na NOAH, baada ya Kensuke Sasaki na Yoshihiro Takayama.

SIKU ALIPORUKA

Mkanda haukukaa naye mwaka. Juni 6, 2021, Saitama Super Arena, alikutana na Naomichi Marufuji. Safari hii alipopanda kwenye kona hakushuka. Aliruka moonsault, magoti ya bandia na marufuku ya madaktari vikiwa palepale. Marufuji aliinua bega kabla ya hesabu ya tatu, akaendelea na pambano, akashinda na kuondoka na ubingwa.

Yaani siku aliyojizuia alipata mkanda, na siku aliyoruka akaupoteza.

Nyonga ndizo zilizomstaafisha. Februari 21, 2023, Tokyo Dome, akiwa na miaka 60, aliagwa kwa pambano dhidi ya Tetsuya Naito. Alipanda kwenye kona kutafuta moonsault ya mwisho, akakwama. Akajaribu tena, akakwama tena, na Naito akamlaza.

Watu wakadhani yameisha. Mutoh akashika kipaza sauti, akamwita Masahiro Chono aliyekuwa kwenye meza ya watangazaji. Chono ndiye mtu aliyepigana naye pambano la kwanza kabisa, ile Oktoba 5, 1984. Akavua miwani yake, akapanda ulingoni na nguo za kawaida. Wakashikana kwa muda mfupi tu, Mutoh akasalimu amri, kazi ya zaidi ya miaka 38 ikafungwa na yuleyule aliyeianza naye.