Mikono Inapokataa Kupatana Kwenye Piano

Weka mikono yote miwili juu ya meza, msomaji. Gonga kwa vidole gumba vyote viwili kwa pamoja, kisha vya shahada, hadi ufikie vidole vidogo. Rahisi, sivyo? Sasa anza na gumba la kulia na kidole kidogo cha kushoto kwa wakati mmoja, mikono yote ikielekea kulia. Bila shaka umesitasita.

Kila anayejifunza piano hupitia taabu hiyo. Mkono wa kulia huongozwa na upande wa kushoto wa ubongo, nao wa kushoto huongozwa na upande wa kulia. Pande hizo huwasiliana kupitia daraja nene la neva, na mikono hupenda kuigana kama mtu na sura yake kiooni. Piano haikubali hilo. Ukipanda ngazi ya do, re, mi inayoanzia C, gumba la kulia hupita chini ya vidole na kushika fa. Mkono wa kushoto haugeuki hadi la, kidole cha kati kinaporuka juu ya gumba. Lakini kuna afueni: vidole vya kati vya mikono yote hukutana kwenye mi na tena kwenye la. Vitegemee hivyo.

Kijana mmoja anayepiga kinanda kanisani alinijia akiulaumu mkono wake wa kushoto kuwa mzembe. Alikuwa akiulazimisha saa tatu mfululizo kila usiku, hata kushika kikombe kukamshinda kwa maumivu. Misuli mingi inayovuta vidole imo kati ya kiwiko na kiganja, nayo huchoka. Nilimpumzisha, kisha nikamrejesha kwa dakika 15, polepole, kila mkono peke yake kwanza. (Mamake alitaka dawa ya kuchua. Sikumkataza.)

Lipo tatizo baya zaidi. Katika miaka ya 1960, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia wa Leon Fleisher, mpiga piano mashuhuri wa Marekani, vilianza kujikunja vyenyewe. Ilikuwa distonia, hitilafu ya ubongo katika kuongoza misuli. Kwa miaka mingi alipiga nyimbo za mkono wa kushoto pekee, hadi sindano za botoksi zilipomsaidia katika miaka ya 1990.

Kwa hivyo kidole kikijikunja bila ruhusa yako, au ganzi isipokwisha, usiongeze mazoezi. Funika piano, umwone daktari.