Nyota Ni Jina la Nani?



Kila muhula klabu yetu huanza na duara la majina. Tunakaa, kila mmoja anataja jina lake, maana yake, na nani aliyempa. Kwa kawaida ni dakika 20 za kucheka, kisha tunakula sambusa. Muhula huu mambo yalikuwa tofauti. Zamu ilipomfikia mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili, alisema, "Naitwa Nyota, lakini msilizoee sana jina hili. Nina wiki tatu tu nalo."

Tulidhani anatania, kumbe anasema kweli. Mwenzetu anaishi Fort Worth na wazazi wake. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, Tanzania, na ukoo wao unatoka Fizi, Kivu Kusini. Sasa anaomba uraia wa Marekani. Fomu N-400, ambayo mtu huijaza kuomba uraia huo, ina sehemu inayouliza kama mwombaji angependa kubadilisha jina lake kisheria. Alikuwa ameshajaza sehemu zote isipokuwa hiyo, na hapo alitaka kuandika Nina. "Herufi nne," alisema. "Hakuna anayezikosea."

Hatukumlaumu. Nusu yetu tuna majina mawili, moja la nyumbani na moja la kuagizia kahawa.

Nyota ni neno la silabi mbili, nyo-ta, na mkazo uko kwenye silabi ya kwanza. Herufi n na y hapa ni sauti moja, kama katika nyama na nyumba. Mtu aliyekulia Texas akizungumza Kiingereza tu hajazoea kuianza neno kwa sauti hiyo, kwa hiyo huikatakata: Nai-ota, Ni-yo-ta. Kisha ikaja Toyota. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilifungua makao yake makuu ya Amerika Kaskazini mjini Plano, karibu na Dallas, na watoto aliosoma nao wakapata utani mpya uliodumu mpaka sekondari.

Lakini alisema utani wa gari haukumuumiza sana. Kilichomchosha ni watu wanaolijua jina. Hao humwambia, "Aha, wazazi wako wanapenda Star Trek!" Wazazi wake hawajawahi kuiona Star Trek. "Nimechoka kubeba jina la sinema," alituambia. "Nyinyi ndio klabu ya Kiswahili. Nipeni sababu moja ya kulibakiza."

Basi tukagawana kazi. Kundi moja lilichukua neno, kundi la pili sinema, kundi la tatu hesabu. Yeye mwenyewe tulimpa kazi moja tu: kumpigia simu bibi yake.

Neno

Kundi la neno lilianza na ngeli. Nyota ya angani iko katika ngeli ya I-ZI: nyota hii, nyota hizi. Nyota akiwa mtu, anahamia A-WA pamoja na watu wengine. "Nyota imeanguka" ni habari ya mbinguni, lakini "Nyota ameanguka" maana yake mkimbilieni, ameumia. Hata wachezaji hodari wa mpira hupata heshima hiyo: tunasema nyota huyu wa timu, si nyota hii.

Maana yake nayo haiishii angani. Katika Kiswahili nyota ya mtu ni bahati yake na majaliwa yake. Tunasema mtu ana nyota ya jaha, au nyota yake imefifia. Zamani, na mahali pengine hata leo, familia za pwani zilitazamia nyota za bwana na bibi kabla ya kufunga ndoa. Na sote tumesikia nyumbani kwamba nyota njema huonekana asubuhi.

Hapo tukakutana na mshangao. Pwani, kwenye kitovu cha lugha, wasichana wanaoitwa Nyota ni wachache. Familia nyingi za huko ni za Kiislamu, na msichana wa kupewa jina la nyota huitwa Najma kwa Kiarabu, au Zuhura, ile sayari ing'aayo alfajiri. Mwimbaji wa Mombasa Nyota Ndogo ni nyota wa jukwaani; jina alilopewa nyumbani ni Mwanaisha. Ukitaka kusikia mama akiita "Nyota!" mlangoni, nenda Kivu au Katanga, mashariki na kusini mwa Kongo, ambako jina hilo linakaa pamoja na Furaha, Riziki, Bahati na Zawadi. Historia ya huko ina neno lake hapa. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliwataka raia wa Zaire waache majina ya ubatizo ya Kizungu na watumie ya Kiafrika. Wengi waliyarudia baadaye, lakini watoto wa miaka ile waliandikishwa kwa majina ambayo bibi na babu zao waliyaelewa.

Kundi hili lilileta na kicheko. Mmoja wetu, ambaye wazazi wake ni Wakikuyu wanaoishi Houston, alimuuliza mama yake maana ya nyota. Mama akajibu bila kusita: "Kiu." Kwa Kikuyu nyota ni kiu, na ile ya angani ni njata. Mwingine, ambaye nyumbani kwao wanazungumza Kinyarwanda, akathibitisha: kwao inyota ni kiu, na ya angani ni inyenyeri. Nyota alipoambiwa kwamba nyumba kadhaa za Texas zinamwita Kiu, alisema, "Afadhali Toyota."

Sinema

Kundi la pili lilitazama televisheni kwa wiki nzima na kuita utafiti. Walirudi na habari ambayo wengi wetu hatukuijua.

Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 8, 1966. Afisa wa mawasiliano katika chombo chao, Luteni Uhura, aliigizwa na Nichelle Nichols, mwanamke Mweusi, wakati ambapo ilikuwa nadra kumwona mwanamke kama yeye kwenye televisheni akiwa si mtumishi wa ndani. Nichols alisimulia kwamba alipokwenda kujaribiwa alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru. Gene Roddenberry, aliyebuni mfululizo huo, alilipenda neno, na mwisho wake ukabadilishwa ili lilainike: Uhura. Katika kipindi kile cha kwanza kabisa, kiumbe mmoja anayejigeuza umbo anamsemesha Uhura kwa Kiswahili. Kiswahili kilisikika usiku wa kwanza!

Lakini Nyota hakuwapo. Kwa miaka mingi Uhura hakuwa na jina la kwanza. Mwandishi William Rotsler alilipendekeza Nyota katika kitabu cha mwaka 1982, na kwenye filamu halikutamkwa mpaka mwaka 2009, pale Zoe Saldaña alipoigiza nafasi hiyo. Katika filamu hiyo Kirk anahangaika kulijua jina la kwanza la Uhura, na hatimaye analisikia kinywani mwa Spock.

Mwenzetu alipiga hesabu palepale. Yeye alizaliwa kabla ya filamu hiyo. "Basi hawakunipa wao," alisema. Hata hivyo aliongeza kwamba watu hawaangalii tarehe.

Hesabu

Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani huchapisha kila mwaka orodha ya majina wanayopewa watoto. Majina ya Kiswahili yamo. Nia na Imani yamewahi kufika katika 1,000 ya juu, na Zuri pia. Nia na Imani yalipata mlango mkubwa: ni mbili kati ya nguzo saba za Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa na Maulana Karenga Los Angeles. Kwanzaa ya kwanza ilisherehekewa Desemba 26, 1966, miezi mitatu na nusu baada ya Uhura kuonekana. Mwaka mmoja, jiji moja, milango miwili ya Kiswahili kuingia katika nyumba za Wamarekani.

Nyota halijawahi kufika katika 1,000 hizo. Na kuna kanuni inayoyaficha majina adimu zaidi: jina likipewa watoto wasiofika 5 wa jinsia moja katika mwaka, halichapishwi kabisa, ili kulinda faragha.

Tulikuwa tayari kuandika "jina adimu" na kufunga daftari. Nyota akatualika kanisani kwao Fort Worth Jumapili iliyofuata. Ibada ilikuwa ya Kiswahili na Kifaransa. Ilipokwisha, mama mmoja alisimama kwenye maegesho na kuita, "Nyota!" Waligeuka watatu: mwenzetu, msichana wa miaka kama kumi, na mama mwenye mtoto mgongoni. Wale wawili wakubwa hawakuzaliwa Marekani, na orodha ile ni ya waliozaliwa hapa. Tulijifunza kwamba jina huwa adimu kutegemea ni nani anayehesabu, na anahesabia wapi.

Safari ya Houston

Wiki ya pili tulishika barabara ya I-45, saa nne kutoka Dallas mpaka Houston, tukaungana na wenzetu wa huko kwenda Space Center Houston, kituo cha wageni cha Johnson Space Center. Safari ilikuwa imepangwa tangu muhula uliopita. Hatukujua kwamba ingeingia katika makala haya.

Mwaka 1977 Nichelle Nichols alifanya kazi na NASA ya kuwahimiza wanawake na watu wasio Wazungu waombe kuwa wanaanga. Mwezi Januari 1978 kundi jipya la watu 35 lilitangazwa, na kwa mara ya kwanza lilikuwa na wanawake, 6, na Wamarekani Weusi 3. Baadaye akaja Mae Jemison, daktari, ambaye utotoni alimtazama Uhura na kuona kwamba nafasi ipo. Septemba 12, 1992 akawa mwanamke wa kwanza Mweusi kwenda angani. Alibeba picha ya Bessie Coleman, rubani aliyekulia Waxahachie, kusini kidogo ya Dallas. Nichols alifariki mwaka 2022, na Januari 2024 sehemu ya majivu yake ilirushwa angani na kampuni ya Houston.

Sisi tuliongeza moja la kwetu. Desemba 12, 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na ilipewa jina la Uhuru. Kwa hiyo Kiswahili kimefika huko kwa chombo cha kweli pia.

Mlangoni tulikuwa tumevaa vibandiko vya majina. Mfanyakazi mmoja, mzee mwenye ndevu nyeupe, alisoma cha mwenzetu na kusema, "Karibu, Nyota." Hakusema Nai-ota wala Ni-yo-ta, alisema Nyota. Akacheka akasema amekuwa akimpenda Uhura tangu utotoni. Mwenzetu hakusema kitu mpaka tulipofika ndani. Kisha alituambia kwamba huyo ndiye Mmarekani wa kwanza asiyemfahamu kulitamka sawasawa mara ya kwanza, na amelijua kwa sababu ya sinema ileile.

Simu

Jumapili ya mwisho, saa mbili asubuhi Fort Worth, saa kumi jioni Nyarugusu, alimpigia bibi yake. Alituruhusu tusikilize, na ameturuhusu kuandika.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, somo yangu."

Somo ni neno ambalo bibi alilizoea Tanzania. Maana yake ni mtu mwenye jina moja nawe, na pia ni lile tunalosomeshwa darasani. Bibi naye anaitwa Nyota. Mwenzetu alijua hivyo siku zote, ila hakuwahi kuuliza zaidi. Sasa aliuliza: wewe ulilipata wapi?

"Nilipewa la shangazi ya baba yangu," bibi alisema. "Yeye alilipata wapi, hakuna aliyeniambia. Nilimkuta nalo."

Mwenzetu akamweleza habari ya fomu. Alieleza kwa haraka, kama mtu anayekiri kuvunja sahani. Bibi alinyamaza kidogo, tukadhani mtandao umekatika.

"Karatasi ni yako," alisema hatimaye. "Andika litakalokufaa huko. Mimi nitaendelea kukuita ninavyokuita. Lakini nani atakuwa somo yangu?"

Hapo ndipo tulipoona kwamba wiki tatu tulikuwa tunauliza swali lisilo lake. Tulitafuta nyota ilitoka wapi, angani, Kongo, au Hollywood, na yote tuliyoyapata ni ya kweli na tunayapenda. Lakini bibi hakumpa mjukuu nyota ya mbinguni, na wala si ya televisheni. Alimpa nafsi yake, kama shangazi ya baba yake alivyompa yeye. Maana ya jina katika kamusi ni moja, na mtu aliyekupa ni maana ya pili. Hii ya pili hakuna kitabu chochote tulichofungua kilichokuwa nayo.

Fomu imetumwa. Penye swali la kubadilisha jina mwenzetu ameweka alama kwenye "hapana". Tulipomuuliza kama tuandike kwamba klabu ndiyo iliyompa sababu, alicheka akasema tuandike kwamba klabu ilimpa nauli ya Houston. Kahawa bado anaagiza kwa jina la Nina.

Duara la majina litarudi muhula ujao. Wasomaji wetu, mkija, njooni na jina lenu na maana yake kama kawaida. Lakini kabla ya hapo, kama aliyewapa yuko hai, mpigieni simu.