Upepo Unatokea Wapi?

Kitendawili!

Sema "tega" nikusikie.

Nimemfungia mgeni chumbani, mlango sijaufungua, asubuhi naamka hayumo.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Kisumu? Nimekwenda Kisumu, nimekula samaki, nimeshiba. Sasa sikia jibu: mgeni ni upepo, chumba ni tairi. Mimi ni fundi wa baiskeli hapa Makina, Kibera, na kumsaka mgeni huyo ndiko kunakonipa ugali.

Siku moja mvulana wa Gredi ya 8 alinijia akisukuma baiskeli ya milimani, ile ya tairi nene zenye meno. Mjomba wake alikuwa amemnunulia soko la Toi. Alipita kwenye kokoto kando ya reli, tairi likalala papo hapo. Nilipochomoa tyubu nilihesabu viraka saba, na matundu mawili mapya yamekaa sambamba kama macho.

"Fundi, ni misumari miwili?"

"Hakuna msumari, kijana. Tairi lilikuwa na upepo kidogo. Ulipogonga jiwe likabonyea, tyubu ikabanwa kati ya jiwe na rimu. Rimu yako mwenyewe ndiyo iliyoing'ata."

Tyubu imetutumikia miaka mingi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Kabla ya hapo watu walikuwa wakitikiswa mpaka meno. Baadaye magari yakaanza kuacha tyubu, na mwaka 1999 kampuni ya Mavic ya Ufaransa ikaleta mfumo wa namna hiyo kwa baiskeli za milimani. Tairi hilo tunaliita tyubulesi. Upepo unakaa kati ya tairi na rimu, hakuna tyubu ya kung'atwa. Kwa hiyo unaweza kupunguza upepo kidogo, tairi likashika udongo vizuri zaidi.

"Nifanyie hiyo, fundi!"

Nikamwambia asubiri. Rimu ya baiskeli ya Black Mamba ya kubebea mitungi ya maji haifai kwa kazi hii. Hiyo iache na tyubu yake. Lakini rimu na tairi za mvulana huyu ziliandikwa ubavuni kwamba zimetengenezwa kwa tyubulesi. Tukaanza.

Tazama rimu ikiwa tupu: ndani ina matundu ya spoku, mengi kama chekecheke. Hayo lazima yazibwe. Unaifuta rimu kwa spiriti hata yasibaki mafuta wala vumbi, kisha unazungusha utepe maalumu huku ukiuvuta ukaze. Utepe uwe mpana kidogo kuliko nafasi ya ndani ya rimu, upande kingoni pande zote mbili. Ukimaliza mzunguko, pitiliza kiasi cha shubiri moja. Toboa tundu dogo, ingiza valvu yenye kitako cha mpira, na kaza nati yake kwa vidole.

Halafu tairi linavishwa, na ndani tunamimina dawa ya kuziba, mililita 100 hivi. Ni nyeupe kama maziwa, na nyingi hutengenezwa kwa utomvu wa mpira. Ukijikata kidole, damu hutoka, huganda, kisha hufanya kigaga. Dawa hii hufanya vivyo hivyo: mwiba ukitoboa, upepo unaikimbiza hadi kwenye tundu, inanasa pale na kuganda kuwa mpira. Tundu la mwiba litazibika, lakini mpasuko wa chupa hauzibiki hivyo.

Mwisho unahitaji upepo mwingi kwa mara moja, kwa hiyo tulitumia kompresa. Kingo za tairi zikaruka na kukaa mahali pake: pa! pa! Usizidishe kipimo kilichoandikwa kwenye tairi au rimu. Tairi likifyatuka laweza kukuumiza. Tukalizungusha na kulitikisa ili dawa isambae, naye akaenda zake akipiga mluzi.

Baada ya wiki akarudi, uso umenuna. "Fundi, jioni gumu kama jiwe, asubuhi laini kama ndizi iliyoiva. Nadhani lina jini."

"Jini halitoi povu," nikamjibu. "Lete sabuni."

Tulipaka maji ya sabuni kwenye valvu: kimya. Tukapaka pale tairi linapokutana na rimu: kimya. Tukapaka kwenye spoku moja moja, na upande wa pili wa valvu povu likaanza kuchemka taratibu.

"Tundu ni hapa!" akapiga kelele.

"Mvua ikinyesha, kwenu maji hudondoka wapi?"

"Kitandani kwangu."

"Na bati limetoboka juu ya kitanda?"

Akafikiri. "Hapana. Limetoboka karibu na mlango. Maji hutambaa kwenye mbao."

Upepo nao hutambaa. Ukishapenya chini ya utepe, huzunguka ndani ya rimu na kutokea kwenye spoku yoyote. Povu lilituonyesha mlango wa kutokea tu. Tulipovua tairi tukakuta karibu na valvu utepe umejikunja, na chini ya mkunjo dawa imeacha mchirizi mweupe. Hapo ndipo nilipofuta rimu kwa haraka siku ile. Kosa lilikuwa langu, na kazi ya kurudia nilimfanyia bure.

Wewe unayesoma, ukiona tairi jipya la tyubulesi limepungua upepo kidogo siku za kwanza, liendeshe kwanza. Dawa bado inaziba vitundu vidogo vya ubavuni. Likizidi kulala kila usiku, usikimbilie pampu. Chukua sabuni, anza na valvu, fuata kingo, maliza na spoku. Kila baada ya miezi michache angalia kama dawa ndani imekauka, kwani joto huikausha upesi. Na safarini, beba tyubu moja ya akiba.