Keki ya chokoleti, karameli na korosho kwa sahani ya Idd

Kila Idd inapokaribia, majumbani huzuka suala lile lile: keki ya mwaka huu inunuliwe au iokwe? Sisi tunaegemea upande wa kuoka. Hatusemi hivyo kwa ajili ya bei, kwani keki tunayoieleza hapa, ya chokoleti yenye karameli na korosho, si ya mfuko mwepesi hata ikiokwa nyumbani. Tunasema hivyo kwa sababu sahani ya Idd hailiwi na nyumba moja. Huvuka ukuta kwenda kwa jirani, kwa mgonjwa na kwa watoto wa madrasa, na aipelekaye hana budi kujua kilichomo.

Vilivyomo vingi vyatoka karibu. Korosho ni za Mtwara na Lindi, kakao yalimwa Kyela. Miti yote miwili ni migeni iliyokuwa wenyeji: mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili, na mkakao nao asili yake ni bara la Amerika.

Keki yenyewe haina matata. Chekecha pamoja unga wa ngano gramu 220, kakao gramu 60, bekingi pauda vijiko vidogo viwili na nusu, na chumvi nusu kijiko kidogo; kisha tia sukari gramu 280. Katika bakuli jingine piga mayai mawili, maziwa mililita 200 na mafuta ya kula mililita 120. Unganisha vyote, halafu mimina mililita 150 za kahawa chungu ya moto, ile ile ya dele, ila isiwe na tangawizi. Mchanganyiko utakuwa mwepesi kama uji, na ndivyo utakiwavyo. Mlaji hataitambua kahawa. Kazi yake ni kuikoleza kakao. Gawa katika trei mbili za duara zenye upana wa sentimita 20, zilizopakwa siagi, uoke kwa nyuzi joto 180 kwa dakika 30 hadi 35, mpaka kijiti kitoke kikavu. Asiye na oveni apalie mkaa: mchache chini ya sufuria nzito, mwingi zaidi juu ya mfuniko, kama afanyavyo kwa mkate wa kumimina, na aanze kuchungulia baada ya dakika 25.

Kazi iko kwenye karameli.

Wengi wetu tumelelewa na halua, na halua haitaki mwiko upumzike. Ukiuacha, wanga hushika chini. Mkono uliozoea hivyo, ukikutana na karameli, hukoroga, na hapo ndipo sukari iharibikapo. Punje moja iliyokauka ukingoni mwa sufuria ikirudishwa katikati huwaita wenzake, na kitambo kidogo sufuria nzima imerudi kuwa chembechembe. Basi chukua sukari gramu 200 na maji vijiko vikubwa vinne, katika sufuria nzito inayong'aa ndani ili rangi ionekane. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha weka mwiko chini na usiuguse tena. Moto uwe wa wastani. Ukiona upande mmoja unatangulia kugeuka rangi, zungusha sufuria yenyewe taratibu.

Kwa dakika kadhaa hutaona badiliko lolote, na huo ndio wakati watu huondoka kwenda kujibu simu. Usiondoke. Ikifika kiasi cha nyuzi joto 160 sukari huanza kuwa ya manjano, na kutoka hapo hadi kuungua ni mwendo mfupi mno. Iepue ikiwa na rangi ya chai ya mkandaa iliyokolea. Ikipita hapo huwa chungu, na hakuna sukari ya kuongeza itakayoiponya.

Ikishaepuliwa, tia siagi gramu 80, kisha tui zito la nazi mililita 120 lililokwisha kupashwa moto, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Sasa ni ruhusa. Itafura na kutoa mvuke mwingi, kwa hiyo sufuria isiwe ndogo. Irudishe kwenye moto mdogo kwa dakika mbili, tia chumvi nusu kijiko kidogo, uiache ipoe. Mapishi mengi hutaja krimu mahali pa tui. Krimu yafaa, lakini kwetu sisi tui lashinda.

Hapa tunawaomba wazazi watusikilize kwa makini. Maji yanayochemka yana nyuzi joto 100. Sukari hii imezidi 160, na ikimwagika haitiririki ikaondoka, hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Mkesha wa Idd jikoni hujaa watoto wanaongoja kulamba mwiko. Kwa dakika hizi watoke wote, hata yule mkubwa anayesaidia. Ajali ikitokea, kiungo kiwekwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, pete na bangili zivuliwe mapema, na sukari iliyoganda ngozini isibanduliwe. Dawa ya meno, unga, yai na barafu visitumike kabisa, ijapokuwa kila mtaa una mtu wa kuvisifu. Kisha aliyeungua apelekwe kituo cha afya, hasa akiwa mtoto, au akiwa ameungua uso au mikono.

Korosho gramu 150 zikaangwe kavu au zitiwe oveni dakika nane hadi kumi, zikatwekatwe. Nusu ichanganywe na karameli iliyopoa, nusu ibaki ya juu.

Katika kununua, soma maandishi ya pakiti. Vanila ya chupa aghalabu huyeyushwa katika alkoholi. Anayetaka kuepuka shaka atumie vanila ya unga au ya maganda, au iliki, ambayo huafikiana vizuri na kakao. Baadhi ya chokoleti hutiwa pombe ndani, na baadhi ya mapambo ya keki yana jelatini isiyotajwa imetokana na mnyama gani. Mapambo hayo tungeyaacha hata yangekuwa halali bila shaka. Keki hii haihitaji maua ya rangi.

Tandaza karameli yenye korosho juu ya keki ya kwanza, uifunike kwa ya pili. Chokoleti nyeusi gramu 150 iliyokatwakatwa imwagiwe mililita 120 za krimu ya moto, ikorogwe mpaka ing'ae, imiminwe juu, na korosho zilizobaki zinyunyizwe kabla haijaganda. Ihifadhiwe kwenye friji, iliwe ndani ya siku tatu.

Vipande viwe vidogo, maana ni nzito, na wenye kisukari wasilazimishwe kwa heshima ya mwenyeji. Korosho nazo zina watu zinaowadhuru, wengine kwa kiasi cha kuhatarisha uhai, na mtoto mgeni hawezi kuziona zikiwa katikati ya keki. Mtoto anayetumwa na sahani afundishwe kusema mlangoni, mara baada ya salamu: ina korosho, ina mayai, ina maziwa.