Sura ya 7: Kadi Mbili za Michoro na Mizani Yake

Kadi mbili za michoro hupimwa kwa mambo manne: chipu, memori, umeme zinaokula na programu zinazozitegemea. Mfano wa sura hii ni GeForce GT 730 yenye memori ya GB 4 na GeForce GTX 750 Ti yenye GB 2. Zote zilitoka mwaka 2014, na zote ni saizi ya kompyuta za mezani za mtumba, zile zilizostaafu ofisini zikaanza maisha ya pili katika stesheneri za Bariadi na studio za video za harusi kule Maswa. Muuzaji huinadi ya kwanza kwa maneno machache: "Hii ina giga nne." Mnunuzi hulipa, akaondoka na kadi dhaifu zaidi. Kwa kuwa hakuna kosa linalorudiwa kama hilo, memori itaitangulia chipu.

GB za kadi ni ukubwa wa ghala, basi. Ghala la pamba linalomeza marobota elfu moja lakini lina mlango wa kupita mtu mmoja halitajaza lori mapema kuliko ghala la nusu yake ambalo lori huingia kinyumenyume hadi ndani. Upana wa mlango hupatikana kwa hesabu ya shule ya msingi: biti zinazopita kwa mpigo mmoja, mara mipigo ya sekunde moja, gawanya kwa nane. GT 730 ya mfano wetu, ya memori ya DDR3, ina njia ya biti 64 na mipigo bilioni 1.8, hivyo hupitisha GB 14.4 kwa sekunde. GTX 750 Ti ina biti 128, memori ya GDDR5 na mipigo bilioni 5.4, hivyo hupitisha GB 86.4. Ni mara sita.

Gemu linalochorwa mara 60 kwa sekunde huiachia GT 730 nafasi ya kugusa MB 240 tu kwa kila picha. Ikitakiwa kuzisoma GB 4 zote mara moja, itatumia zaidi ya robo sekunde, na picha 16 zitakuwa zimeshapitwa na wakati wake. Giga hizo zinazosifiwa kaunta hujaa bidhaa zisizotoka. La kuchekesha zaidi ni kwamba vijiti viwili vya RAM ya DDR3-1600, vikichomekwa kwa jozi kwenye mazabodi ya kompyuta hiyohiyo ya mtumba, hupitisha GB 25.6 kwa sekunde. Mtu amenunua kadi yenye memori nzito kuliko ile aliyokuwa nayo tayari.

Chipu ndiyo inayofuata. GT 730 hiyo ina viini 384, GTX 750 Ti ina 640. Hesabu hii nayo haitoshi, kwa sababu viini vya kizazi kimoja havilingani na vya kingine: GT 730 hiyo ni ya kizazi cha Kepler, GTX 750 Ti ni ya Maxwell, ambacho kila kiini chake hufanya kazi zaidi. Mkulima wa Itilima hahitaji kufundishwa jambo hili. Anajua kuwa kilo mia za pamba mbegu, zikishachambuliwa kiwandani, hutoa takriban theluthi moja tu ya nyuzi, na kwamba mchanga nao una kilo. Ajabu ni kuwa mtu huyohuyo, akifika dukani, husoma namba ya kwanza kwenye boksi na kuridhika.

Na "GT 730" yenyewe si kadi moja. Jina hilo lilibandikwa kwenye kadi tatu: moja ya kizazi cha zamani cha Fermi yenye viini 96, nyingine ya viini 384 na DDR3, ya tatu ya viini 384 na GDDR5 inayopitisha GB 40. Mbaya zaidi ni GT 1030. Mwaka 2017 ilitoka na GDDR5, ikipitisha GB 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikaja nyingine ya DDR4, GB 16.8, kwa jina lilelile. Boksi halikudanganya kwa herufi hata moja, na bado karibu theluthi mbili za mlango ziliondolewa. Dawa yake ni programu ya bure iitwayo GPU-Z. Ifunguliwe palepale dukani kabla ya pesa kutoka mfukoni, isomwe mistari mitatu: aina ya memori, upana wa njia, na GB kwa sekunde. Tangu mwaka 2018 programu hiyo huandika pia neno FAKE mbele ya kadi za kughushi, yaani chipu za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina kubwa, mathalani GTX 1050 Ti. Jicho tupu nalo husaidia. Chipu halisi ya GTX 1050 Ti haitoi mawimbi ya VGA, kwa hiyo tundu lile la bluu lenye vitundu 15 mgongoni mwa kadi ni sababu tosha ya kusimamisha biashara.

Feni mbili na taa za rangi haziongezi kiini hata kimoja. Kuioka kadi iliyokufa kwenye oveni ni uganga tu: ikifufuka, hufufuka kwa siku chache, na oveni hubaki na mvuke wa kemikali.

Kwa umeme, GT 730 ya mfano wetu hula wati 23 na GTX 750 Ti wati 60. Kwa kawaida zote hutosheka na tundu la mazabodi, ambalo hutoa hadi wati 75. Tofauti yake haifiki balbu moja ya zamani ya wati 40. Vumbi lina madhara zaidi. Vumbi la Agosti, analolijua kila aliyefika Nanenane pale Nyakabindi, huziba mapezi ya kipozeo, na chipu ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe.

Zimebaki programu. Kepler iliachwa na draiva mpya za gemu mwaka 2021. Maxwell iliendelea kuhudumiwa hadi mwaka 2025. Kwa mhariri wa video za harusi kuna jambo kubwa zaidi: GTX 750 Ti ina sehemu maalumu ya kubana video, ilhali GT 1030, iliyozaliwa miaka mitatu baadaye na yenye namba kubwa zaidi, haina, hivyo mzigo wa kubana video hurudi kwa prosesa. Stesheneri inayochapa barua na kujaza fomu za mtandaoni haihitaji yoyote kati ya hizo. Kadi ya michoro haiharakishi intaneti wala Word; pesa hiyohiyo ikinunua SSD, kompyuta itawaka kabla mteja hajamaliza kuvuta kiti.