Lipige Picha Kabla Hujalitupa

Wageni wanaofika Mbozi hawaondoki bila kupiga picha kando ya kimondo cha Ndolezi. Wana haki, maana si kila wilaya ina pande la chuma la zaidi ya tani 10 lililodondoka kutoka angani. Lakini kimondo kitakuwepo kesho na keshokutwa. Mimi nalitetea ua linalonyauka dirishani hapa Igamba, ambalo wiki ijayo halitakuwepo.

Nyumba nyingi zina ua kama hilo, limepandwa kwenye kopo la rangi. Kiangazi kikikaza, upepo mkavu hulipiga, vumbi hulifunika, na mwenyewe hulitupa nyuma ya jiko bila kulitazama. Hiyo ni hasara. Jani linapozeeka, klorofili huvunjika na mmea huvuta virutubisho kutoka humo kwenda kwenye shina na machipukizi. Njano inayojitokeza ilikuwemo tangu jani likiwa bichi, ila kijani kiliifunika. Kingo hujikunja na mishipa husimama. Mjerumani Karl Blossfeldt, aliyepiga picha mimea kwa miaka zaidi ya 30, hakuyadharau majani makavu. Yamo katika kitabu chake cha 1928 kilichompa jina.

Wakulima wa kahawa wa huku hawahitaji kufundishwa kwamba uzuri haukai. Mvua za kwanza zikishanyesha, mibuni huchanua kwa pamoja, shamba zima likawa jeupe, na harufu yake tamu humfikia mpita njia kabla hajaliona shamba. Baada ya siku mbili tatu maua yamegeuka kahawia na kuanza kupukutika. Aliyekuwa safarini Tunduma siku hizo ameyakosa mpaka msimu mwingine. Hakuna anayelia, kwa sababu tunda limeshashika, na litachukua miezi saba hadi tisa kuiva.

Kamera ya bei kubwa haihitajiki. Futa kioo cha kamera ya simu kwa kitambaa laini, zima flashi, kisha weka kopo karibu na dirisha saa moja au saa mbili asubuhi, mwanga ulipige jani kutoka ubavuni. Sogea karibu. Usilipanguse vumbi wala usiling'oe jani lililokauka. Hilo ndilo la kupiga.

Basi, msomaji, kama unalo ua linalokufa nyumbani, lipige picha leo, na kesho tena. Ukimaliza, mwaga udongo, pandikiza mche mwingine kwenye kopo lilelile.